Picha Iliyogeuzwa Kola

Duka la Fundi lilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia nguo, pasi, na kioo kirefu chenye ufa pembeni. Cherehani ya dirishani ilikuwa ya Fundi. Ya nyuma ilikuwa ya mkewe.

Mtaa mzima ulimwita mkewe Mama Vifungo, kwa kuwa vifungo na vitundu vyake ndiyo ilikuwa kazi yake. Alikuwa na sifa nyingine tena. Alipenda kuuliza. Mteja akileta suruali ipunguzwe kiuno, Mama Vifungo alitaka kujua kiuno kimeenda wapi.

"Umekonda kwa furaha au kwa mawazo?" angeuliza.

"Mke wangu," Fundi angesema bila kuinua kichwa, "pima kiuno. Usipime maisha ya watu."

Fundi mwenyewe hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mtu wa kazi. Alikaa kwenye cherehani asubuhi, akainuka jioni. Maji hakunywa. Choo kilikuwa nyuma ya jengo, cha maduka yote, na ufunguo aliuweka kaka yake, fundi viatu wa chumba cha pili. Ukienda kuomba ufunguo, fundi viatu hakupi mpaka akusimulie jambo. Kwa hiyo Fundi alikunywa kikombe kimoja cha chai asubuhi, basi. Joto la pasi likamkausha, naye akaona ni kawaida.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, Fundi alikuwa anapiga pasi sare za shule. Mara akaiacha pasi na kushika ubavu wa kushoto. Maumivu yalianzia mgongoni, yakashuka mpaka kwenye kinena. Yalikuja kwa nguvu, yakalegea, yakarudi. Jasho likamtoka. Akatapika kwenye ndoo ya vitambaa.

"Ni gesi," alisema.

"Gesi gani ya kumlaza mtu chini ya meza?" aliuliza Mama Vifungo. Alikwisha kuizima pasi, na sasa alikuwa anatafuta viatu vya mumewe. "Na mkojo wako leo ulikuwa wa rangi gani?"

"Mwanamke, hata mkojo wangu unauuliza?"

"Nauliza. Jibu."

Fundi aligeuza uso. "Ulikuwa mwekundu mwekundu."

Wakaenda hospitali.

Huko walimpima mkojo na damu. Wakampaka mafuta ya baridi tumboni na kumpima kwa ultrasaundi. Daktari bingwa wa figo na njia za mkojo alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya pole. Aliwaambia kuna jiwe kubwa kwenye figo ya kushoto.

"Mawe ya namna hii hutokana na chumvichumvi zilizo ndani ya mkojo," alieleza. "Mkojo ukiwa mzito, chumvi hizo hushikana, zikaganda. Hili limeshakuwa kubwa. Halitatoka lenyewe. Tutalitoa kwa upasuaji." Kisha akachukua kalamu. "Baba, umewahi kupigwa picha za tumbo zamani? Au kuambiwa jambo lolote kuhusu figo zako?"

"Hapana," alisema Fundi.

Alijibu upesi mno. Mama Vifungo akamtazama. Fundi akatazama dari.

Daktari akaandika. "Sawa. Basi nataka picha ya CT kwanza. Ile mashine hupiga mwili kipande kwa kipande, tuone kila kitu kilipo. Nafasi iliyopo ni baada ya siku kumi. Kwa sasa nakupa dawa ya maumivu. Lakini ukipata homa na kutetemeka pamoja na maumivu haya, usingoje tarehe. Njoo hapo hapo, hata kama ni usiku. Hiyo ni hatari kubwa."

Njiani Fundi alinung'unika. Siku kumi! Sare za shule nani atamaliza?

Jumatano, fundi viatu aliingia dukani na gundi vidoleni. Alimkuta mdogo wake amelala kwenye benchi la wateja.

"Bado unangoja picha?" aliuliza. "Mimi jiwe langu mwaka ule lilitolewa bila mbwembwe. Niliingia leo, nikatoka kesho. Sasa sikiliza. Kuna kituo kule mtaa wa juu, nimekwenda kuuliza. Watakupasua Ijumaa. Ultrasaundi inatosha, wanasema."

"Shemeji," alisema Mama Vifungo, "kwa nini yule daktari aitake picha na hawa wasiitake?"

"Kwa sababu wale wa hospitali kubwa wanapenda makaratasi. Mimi na huyu tumetoka tumbo moja. Figo zangu na zake zina tofauti gani?"

"Masikio yako na yake yanafanana?"

Fundi viatu akashika sikio lake, ambalo kweli lilikuwa kubwa. "Shemeji, masikio yangu yameingiaje hapa?"

"Nauliza tu."

Lakini Fundi alikuwa amekwisha kukata shauri. "Ijumaa," alisema. "Liwalo na liwe."

Usiku ule Mama Vifungo aliomba kwa muda mrefu kuliko kawaida. Hakuwa na ushahidi wowote. Alikuwa na lile "hapana" la mumewe tu, lililotoka haraka kama mtu anayefunga mlango mgeni asione ndani. Aliomba hivi: "Mungu wangu, kama kuna kitu sikioni, nionyeshe kabla ya Ijumaa."

Alhamisi asubuhi akaja mteja wa sketi. Alikuwa mama mstaafu wa nyumba ya jirani. Alifanya kazi miaka thelathini kwenye chumba cha eksirei, na watu walimwita Bibi Eksirei. Wengine walimtania kwamba akikutazama sana anakuona mifupa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Zipu yangu imekufa. Na huyu benchini, kafa naye?"

"Nipo, bibi," alisema Fundi kwa sauti ndogo. "Ni jiwe la figo. Kesho napasuliwa."

Bibi Eksirei akampa pole, akaketi kungoja. Mama Vifungo alikuwa anakata mifuko ya mashati ya shule. Aliweka kielelezo cha mfuko juu ya kitambaa, akakizungushia chaki, akakisogeza, akakizungushia tena. Mafundi wengi hutumia karatasi ngumu kwa kazi hii. Fundi alitumia kitu bora zaidi: picha ya zamani ya eksirei. Ni nyeusi, ngumu, haikunjiki, haichaniki. Ukiikata umbo la mfuko, inabaki mfuko miaka na miaka.

Mikono ya Bibi Eksirei haikuzoea kukaa bure. Alikiokota kielelezo, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, kama alivyofanya maelfu ya mara kazini.

"Hii ni ya nani?" aliuliza.

"Ni ya mfuko wa shati, bibi."

"Sikuulizi ni ya shati gani. Mimi hapa naona uti wa mgongo. Ni wa nani?"

Mama Vifungo aliacha chaki. Kwa miaka yote aliyokaa kwenye duka lile hakuwahi kuuliza swali hilo. Yeye! Aliyeuliza kila kitu!

"Fundi," alisema, "picha hii ni ya nani?"

Benchi likalia kidogo.

"Mume wangu?"

"Ni yangu," alisema Fundi.

Bibi Eksirei akageuka. "Na vipande vingine viko wapi?"

Wakaanza kutafuta. Kola ya watu wazima ilikuwa imening'inia msumarini. Kola ya watoto ilikuwa chini ya mikasi. Kafu za mikono zilikuwa kwenye boksi la vifungo. Kipande cha mfuko wa nyuma wa suruali kiliazimwa na fundi wa ng'ambo ya barabara, na fundi viatu akatumwa mbio kukifuata. Alirudi akihema, huku akiuliza kama wameibiwa.

Bibi Eksirei alivibandika vipande kwenye kioo cha dirisha kwa gundi ya karatasi. Kimoja kiliandikwa kwa kalamu nyeupe KOLA 15. Kingine MFUKO MKUBWA. Vingine vilikuwa vimepotea, lakini sehemu ya katikati ya picha ilionekana. Wote wanne walisogea. Hata Fundi aliinuka, mkono ubavuni.

"Hii ilipigwa baada ya kuchomwa dawa ya rangi mkononi," alisema Bibi Eksirei. "Dawa ikiingia kwenye figo, inang'aa nyeupe. Tazameni vikombe hivi vyeupe. Humo ndimo mkojo hukusanyika. Kwa watu wengi, vikombe vyote hutazama nje, huku na huku. Hivi vya chini vinatazama ndani. Unaona? Kama watu wawili wanaonong'onezana. Na figo zimekaa chini kuliko kawaida."

"Maana yake nini?" aliuliza Mama Vifungo.

"Mimi si daktari, mwanangu. Kazi yangu ilikuwa kupiga picha. Na hii imekatwakatwa kola." Akamgeukia Fundi. "Lakini aliyekupiga picha hii lazima alikwambia kitu."

Fundi akakaa. Alizungumza akitazama vidole vyake.

"Nilianguka kwenye baiskeli. Ni miaka ishirini na miwili sasa. Walinipiga picha kuona kama nimeumia ndani. Daktari akasema sijaumia, ila figo zangu zimeungana. Akasema si kitu cha kuogopa. Lakini niitunze hiyo picha na cheti chake maisha yangu yote, na nimwonyeshe daktari yeyote atakayetaka kunipasua."

"Na cheti?"

"Nilikichoma."

"Kwa nini, mume wangu?"

Masikio ya Fundi yalikuwa ya moto. "Mwezi ule nilikuwa nimeleta posa kwenu. Niliona wazee wako watasema, binti yetu haolewi na mtu mwenye matumbo ya ajabu. Nikachoma cheti. Picha haikuungua vizuri, ilinuka tu. Nikaona ina ugumu mzuri wa kola." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Niliambiwa niitunze. Nimeitunza. Kila siku iko mkononi mwangu."

Mama Vifungo hakujua acheke au alie. "Daktari wa hospitali alikuuliza, ukasema hapana! Na miaka yote hii nashonea vifungo mifuko iliyokatwa kwa figo zako?"

Fundi viatu akaangua kicheko, akaziba mdomo. Kicheko kikakatika. Alikuwa amekumbuka jambo. "Na kule kituoni Ijumaa," alisema polepole, "hawajui hili."

"Hawajui," alisema Bibi Eksirei. "Mpasuaji huingia kwa ramani. Ukimpa ramani ya mtu mwingine, ataingilia mlango wa mtu mwingine. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe hukuficha hata maradhi. Ulificha umbo lako tu, alilokupa Mungu. Mungu hatumii kielelezo kimoja kwa watu wote. Haya, inukeni. Mrudieni yule daktari aliyeuliza."

Mama Vifungo alibandua vipande kimoja kimoja, akavitia kwenye bahasha. Hawakwenda mtaa wa juu.

Daktari aliipokea bahasha. Alipotoa KOLA 15, akaigeuza mara mbili.

"Daktari, nilikudanganya," alisema Fundi. "Uliniuliza, nikasema hapana." Akaeleza yote, pamoja na posa.

Mama Vifungo alitegemea ukali. Daktari akatabasamu. "Baba, umeniambia kabla ya kisu. Hilo ndilo muhimu." Akapiga simu, na picha ya CT ikapatikana baada ya siku tatu, bila kungoja zile kumi.

Mashine ilikuwa kama tairi kubwa jeupe. Fundi alilala kwenye kitanda chembamba, kitanda kikaingia katikati ya tairi, kikatoka. Haikuuma. Baadaye daktari aliwageuzia kioo cha kompyuta.

"Figo hizi hapa. Kwa watu wengi ziko mbili, na hazigusani. Zako zimeungana huku chini, mbele ya uti wa mgongo. Ukitazama kwa pamoja ni kama herufi U."

Mama Vifungo alivuta kiti. Alikuwa hajawahi kuona ndani ya mtu, na huyu alikuwa mtu wake. "Ni ugonjwa?"

"Si ugonjwa. Ni umbo, kazaliwa nalo. Katika watu mia tano hivi unaweza kumpata mmoja. Wengi huzeeka bila kujua."

"Sasa jiwe limetoka wapi?"

"Swali zuri. Mrija wa kushusha mkojo, kwake, unapita juu ya hapa palipoungana kabla ya kushuka. Kwa hiyo mkojo unakawia njiani. Ukikawia, chumvi zinatuama. Ongeza na mtu asiyekunywa maji."

Fundi akakohoa.

"Na upasuaji wake una tofauti gani na wa shemeji yangu?"

"Tofauti ni njia ya kuingilia." Daktari alionyesha kwa kalamu. "Figo hizi zimekaa chini na zimegeuka. Mishipa ya damu inaingia mahali ambapo sisi hatuitarajii. Na kwa watu wengine wa namna hii, utumbo mpana unapita nyuma ya figo. Ningechoma sindano pale nilipozoea, bila picha hii, ningeweza kutoboa utumbo au mshipa mkubwa. Na kwa kuwa figo zimeungana, tatizo la upande mmoja linaweza kuwa la zote."

Mama Vifungo alihesabu siku kwa vidole. Ijumaa ilikuwa imepita juzi tu. "Basi asipasuliwe?"

"Atapasuliwa, na inawezekana kwa usalama. Tazama, huku juu hakuna utumbo wala mshipa mkubwa. Tutampa nusu kaputi, alale kifudifudi. Tutatoboa tundu dogo mgongoni, upana wa kidole kidogo, tuingie kupitia sehemu ya juu ya figo. Tutapitisha kamera, tulivunje jiwe na kutoa vipande. Lingekuwa dogo tungepitia njia ya mkojo bila kutoboa. Lakini hili lina milimita ishirini na sita."

"Kifungo cha koti," alisema Mama Vifungo.

"Naam, kifungo cha koti. Sasa nitajie dawa zote anazomeza, hata za kienyeji. Nyingine huzuia damu kuganda."

Ikabaki kazi moja. Mkojo wa Fundi uliwekwa maabara kuona kama utaota vijidudu, vikaota. Daktari akasema atumie antibiotiki kwa wiki nzima kabla ya upasuaji, kwa maana ukivunja jiwe lenye vijidudu, vinaweza kumwagika kwenye damu.

Fundi viatu aliposikia wiki nyingine, alifungua mdomo. Mama Vifungo akamtazama masikio. Akaufunga.

Siku ilifika. Muuguzi alimchora Fundi alama kwenye ubavu wa kushoto, akamuuliza jina lake, akamuuliza anapasuliwa nini. Baada ya dakika chache mwingine akaja akauliza yale yale.

"Mbona wanauliza mara mbili?" Fundi alinong'ona.

"Waache waulize," alisema mkewe. "Watu wanaouliza ndio ninaowaamini."

Mlango ukafungwa. Mama Vifungo na fundi viatu wakakaa kwenye viti vya plastiki ukumbini. Mtu mmoja alikuwa anapiga deki. Harufu ya dawa ilikuwa kali. Mama Vifungo akafumba macho.

"Mungu wangu," aliomba, "wewe ndiye uliyeziunga figo hizi. Wewe unajua mshono uko wapi. Wamulikie wanaofanya kazi. Na mikono yao uishike."

"Amina," alisema fundi viatu. Baada ya kitambo akasema, "Shemeji, mimi ndiye niliyemtafutia ile Ijumaa."

"Ulimtafutia kwa kumpenda."

"Kupenda bila kuuliza." Alitikisa kichwa. "Ningempoteza mdogo wangu kwa kusema tumetoka tumbo moja."

Saa ya kwanza ikapita, na ya pili. Katika saa ya tatu daktari alitoka, kofia mkononi, na alama ya barakoa usoni.

"Limetoka lote," alisema. "Damu iliyopotea ni kidogo. Njia ilikuwa pale pale picha iliposema."

Mama Vifungo alitaka kuuliza swali, lakini kwa mara ya kwanza hakulipata. Alilia tu. Fundi viatu ndiye aliyeuliza, kwa niaba yake, kama mgonjwa ataruhusiwa chai.

Fundi alikaa wodini siku tatu. Mgongoni alikuwa na mrija wa kutoa mkojo, ukatolewa siku ya pili. Mkojo ulikuwa mwekundu kwanza, ukafifia, ukasafika. Vipande vya jiwe vilipelekwa maabara kujua ni la aina gani. Siku ya kuondoka daktari aliwapa karatasi.

"Ndani nimemwachia mrija mwembamba laini, kutoka kwenye figo mpaka kibofu, ili mkojo upite wakati kidonda kinapona. Unaitwa stenti. Utaondolewa baada ya wiki nne. Tarehe hii hapa. Msisahau, hata kama anajisikia mzima. Stenti iliyosahaulika huota mawe yenyewe, na kuitoa inakuwa kazi kubwa."

"Hatusahau," alisema Mama Vifungo. Aliiandika tarehe ukutani kwa chaki, juu ya cherehani, kwa tarakimu kubwa, hata wateja wakawa wanauliza kama ni siku ya harusi.

"Ni siku ya stenti," aliwajibu. Kisha akawaeleza stenti ni nini, walitaka wasitake.

Stenti iliondolewa siku ile ile iliyoandikwa. Baada ya miezi mitatu Fundi alipigwa picha nyingine. Hakukuwa na jiwe, wala changarawe. Kila mwaka atarudi kuangaliwa, kwa maana figo za umbo lake hupenda kurudia mawe.

Maisha ya duka yalibadilika kidogo. Fundi viatu alichonga funguo nyingine tano za choo, akagawia kila duka moja, na hadithi zake sasa alizitoa kwa hiari. Chupa ya maji ikakaa kando ya cherehani ya dirishani. Fundi alikunywa chupa nzima kabla ya mchana na nyingine kabla ya jioni, na zaidi siku za joto. Alijifunza kuutazama mkojo wake: ukiwa mweupe kama maji au wa njano hafifu, vyema, ukiwa wa njano nzito, anywe. Chumvi mezani wakaipunguza. Kola zikakatwa kwa karatasi ngumu, kwa sababu vile vipande vyote Fundi alimwachia daktari.

Mwaka uliofuata, jino la Fundi lilioza. Likamnyima usingizi siku mbili. Mama Vifungo akamsindikiza kwa daktari wa meno, mwanamke mnene mcheshi mwenye miwani ya kamba.

"Karibu, baba. Kaa hapa. Una shida gani?"

Fundi alikaa. Shavu lilikuwa limevimba kama mto. Lakini kabla ya kuonyesha jino, alitoa bahasha kwenye mfuko wa koti. Ndani mlikuwa na picha mpya ya CT, nzima, isiyokatwa, na cheti chake.

"Daktari," alisema, "figo zangu zimeungana. Nimezaliwa hivyo. Nimepasuliwa jiwe mara moja, upande wa kushoto, kupitia sehemu ya juu."

Daktari wa meno alitazama bahasha. Akamtazama Fundi. Akamtazama Mama Vifungo, ambaye alikuwa anajizuia kucheka.

"Baba, mimi nang'oa jino."

"Najua. Andika tu."

Daktari akacheka, akaandika. Kisha kalamu ikasimama. Akachukua pakiti ya vidonge aliyokuwa ameshaiweka mezani, akairudisha kabatini, akatoa nyingine.

"Umefanya vizuri kusema," alisema, sasa bila kucheka. "Hii dawa ya maumivu ninayowapa watu wote si rafiki wa figo. Mtu mwenye historia kama yako, nampa hii nyingine. Nani kakufundisha kueleza namna hii?"

"Nilinyamaza miaka ishirini na miwili," alisema Fundi. "Ninayo mengi ya kusema. Kwanza kabisa, nilianguka kwenye baiskeli..."

"Baba," alisema daktari, akiwasha taa, "sasa fungua mdomo, unyamaze kidogo."